Koki ya Nusu

Jumanne, tarehe 4 Februari
Asubuhi: ukungu mzito, hakuna upepo.

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama amesimama mlangoni na fimbo yake, anaitazama kalamu yangu, na ameapa kwamba barua isiyo na shikamoo haitoki nyumba hii. Basi hiyo ni ya Mama. Yangu itategemea majibu yako.

Sisi ni wazima kiasi. Nyonga ya Mama inaunga; daktari amemruhusu kuacha magongo na kutembelea fimbo moja. Presha yake ilipanda wiki iliyopita, sasa imetulia. Anakula, anagomba, na kila asubuhi anauliza habari zako kabla ya zangu.

Umenipigia simu mara nyingi sikupokea, na sitapokea. Kwenye simu unanizidi sauti, unanikatiza, mwisho nakubali jambo nisilolielewa ili mradi unyamaze. Karatasi haikatizwi. Dereva wa lori la kiwanda chenu anapita hapa akija na akirudi, atabeba zangu na zako. Kama ni polepole, na iwe polepole.

Sasa shabaha ya barua hii. Mimi nikiwa sokoni ulimpigia Mama ukamwambia kwamba mwisho wa Mei lori litakuja kubeba kitanda chake na sanduku lake, ahamie kwako, kwa kuwa "nyumba isiyo na maji si nyumba ya mgonjwa". Mimi niliyeacha kazi ya ukarani nikamuuguza Baba mpaka tukamzika, na sasa namuuguza Mama, habari hiyo nimeipata kwa Mama mwenyewe. Nilimkuta anakunja shuka ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Nyumba ina maji, Kaka. Ambacho haina ni nguvu ya maji. Bomba la mvua bafuni linatoa maji kama mtu anayelia kwa kujizuia. Mama akikaa kwenye kigoda hayamfikii begani. Nimemwambia nimwogeshe kwa kopo, amekataa kabisa: "Nimewaogesha nyie wawili. Sikuwaogesha ili mje mnirudishie." Na unajua kwamba nyonga ile aliivunja jikoni akiwa amebeba ndoo. Kwa hiyo ndoo zote nabeba mimi, na pipa la kesho nalikinga usiku. Jana nimelala saa saba nikilingoja lijae.

Mfumo huu uliufunga wewe kwa mikono yako, pampu, tangi na mabomba. Niambie la kufanya, hatua kwa hatua, nami nitafanya. Maji yakipata nguvu kabla ya mwisho wa Mei, Mama habanduki hapa. Hayo ndiyo makubaliano, na kwa kuwa hukuniita kwenye yale ya kwako, haya nayapitisha peke yangu.

Swali moja la mwisho. Baba alipokupigia mara ya mwisho kuhusu maji haya, ulimwambia nini? Aliweka simu akaenda kukaa kwenye kibanda cha pampu mpaka chakula chake kikapoa.

Mdogo wako.


Jumatatu, tarehe 17 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Ya Mama nimeipokea, yako naingoja. Huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu. Mtoto wa kwanza amekuwa mrefu kuliko mlango wa jikoni na hana adabu hata ya kuinama, kila siku anajigonga. Mimi niko kwenye chumba cha boila asubuhi hadi jioni, kiwanda kizima kinapata mvuke kwa mkono wangu, na hakuna siku boila imenishinda. Nataja hili ili ujue unaongea na nani.

Mfumo ule hauna kosa. Niliufunga Baba alipostaafu, bomba la inchi moja kutoka tangini mpaka ukuta wa bafu, sikubania kitu. Mfumo hauharibiki wenyewe, huharibiwa na wanaoukalia. Lakini umeomba hatua, basi chukua.

Nenda kibandani. Juu ya bomba, karibu na tangi la presha, kuna geji yenye mshale. Fungua bomba la jikoni, umtume Mama au jirani alishike, wewe mtazame mshale. Pampu inatakiwa kuwaka mshale ukifika ishirini na kuzima ukifika arobaini. Niandikie unachokiona, si unachokifikiri. Kisha zima umeme, fungua chujio, toa ule moyo wake mweupe uuoshe. Kisha ushuke kwenye kile kishimo nyuma ya jiko uangalie koki kubwa. Iko wazi? Ihakikishe. Watu wengi hulaumu pampu kumbe koki imefungwa nusu na mtu mwenye haraka zake.

Usimwite Bwana Kesho. Fundi yule akishika spana hata mvua hukata.

Kuhusu Mama: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilisema zamani aje kwangu.

Kaka yako.


Jumatatu, tarehe 3 Machi
Asubuhi: jua kali tangu mapema, vumbi.

Kaka,

Mama amelala usingizi, kwa hiyo barua hii haina shikamoo.

Nilikuwa namsomea Mama barua yako, ile methali sikuiona inakuja, ikanitoka mdomoni yote. Mama hana guu tu la kuvunjika, ana nyonga, na imevunjika kweli. Akasema, "Mwambie mkuu wako mimi si gunia la sukari la kubebwa na lori." Nimemwambia.

Nimefanya yote uliyoagiza. Mama alikaa jikoni akashika bomba, mimi nikawa kibandani, tukawa tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Pampu inawaka kwenye ishirini na kuzima kwenye arobaini, kama ulivyosema. Chujio lilikuwa na tope rangi ya chai. Nimelisugua mpaka limerudi jeupe. Koki ya nyuma ya jiko iko wazi.

Maji bafuni ni yale yale.

Na kuhusu "wanaoukalia": huo ni mfumo wako, lakini ndoo ni zangu. Ukitaka kujua mfumo umekaliwaje, njoo uone kiganja changu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe hata fimbo hujaituma, umetuma methali.

Swali langu kuhusu Baba hukulijibu. Labda karatasi yako iliishia njiani.

Mdogo wako.


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Mniwie radhi kwa methali. Iliandikwa kwa haraka.

Boila namba mbili ilipasua bomba, ndiyo maana nimechelewa. Hapana aliyeumia. Wifi yako anauliza kama mlipata dawa alizotuma; ukinyamaza anadhani zimeibwa njiani.

Kazi iendelee. Tangi la presha ndani lina mfuko wa mpira. Upande mmoja maji, upande mmoja upepo. Upepo ukipungua, maji hayasukumwi. Zima umeme, fungua bomba mpaka maji yote yaishe na mshale ulale sifuri. Utosini pa tangi kuna kidude kama cha baiskeli, chini ya kofia ya plastiki. Omba kipimo cha upepo kwa mwenye duka la baiskeli, upime. Unatakiwa uwe kumi na nane. Kama umepungua, jaza kwa pampu ya baiskeli. Halafu kidude kikitema maji badala ya upepo, mfuko umepasuka, tangi limekufa.

Kisima chenyewe sikitilii shaka. Kiangazi kile cha mwaka juzi kilishuka kweli, nikampa Baba maelekezo kwa simu jinsi ya kukitunza, na mvua ziliponyesha kikapona. Kwa hiyo usiniambie kisima.

Nauliza tena: koki iko wazi kabisa? Sisemi hujaiangalia. Nauliza tu.

Ikiwa tangi ni zima na maji bado ni dhaifu, basi pampu imechoka, nayo imechoka pamoja na nyumba. Usione haya kusema hivyo. Chumba cha Mama huku kimeshapakwa rangi.

Kaka yako.


Jumapili, tarehe 6 Aprili
Asubuhi: mvua ya rasharasha, imeacha saa mbili.

Kaka,

Dawa zilifika, mwambie Wifi asante, na samahani kwa kutoandika. Hasira zangu si zake.

Tangi nimelipima. Lilikuwa na kumi na moja. Nimelijaza kwa pampu ya baiskeli mpaka kumi na nane, mikono ikawa kama si yangu, na mwenye duka la baiskeli alikuja kushangaa akasema hajawahi kuona tairi kubwa namna ile. Kidude hakikutema maji. Tangi ni zima. Sasa pampu haiwaki na kuzima hovyo kama zamani, na hilo nakushukuru, kwa sababu mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake.

Lakini maji bafuni ni yale yale.

Sasa sikiliza, maana hili nimelifikiria mwenyewe bila hatua zako. Jana nilifungua bomba la bafuni, la jikoni na la kufulia, yote kwa pamoja, nikakimbilia kibandani. Mshale ulishuka kwa uvivu, kama mzee anayeshuka ngazi. Kama pampu ingekuwa imechoka mshale ungeanguka, sivyo? Presha iko pale kibandani, imejaa, inangoja kwenda. Haifiki. Kati ya kibanda na nyumba kuna kitu kinaikaba koo. Hiyo pampu unayotaka kuizika pamoja na nyumba haina ugonjwa.

Mama nilipomweleza alicheka akasema, "Nyumba ya ajabu hii. Presha yangu iko juu, ya bomba iko chini. Tungechanganya tukagawana."

Na koki! Mara ya pili unaniuliza kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau chenji. Nimeshuka kishimoni kwa magoti, nimefuta utando wa buibui. Iko wazi. Mpini umelala sambamba na bomba, moja kwa moja, na nimeusukuma nione kama unakwenda zaidi, hauendi. Nikuapie kwa nini?

Chumba kilichopakwa rangi mpe mtoto wako mrefu.

Na swali langu? Ile simu ya Baba. Mara hii sitasema karatasi iliishia njiani.

Mdogo wako.


Jumatatu, tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea mwenzangu wa zamu ili anihakikishie kwamba macho hayanidanganyi.

Mpini gani?

Koki niliyoifunga mimi haina mpini. Ni koki ya shaba, ya inchi moja, ina gurudumu la kuzungusha, jekundu, kubwa kama sahani ya kikombe. Huwezi kulisukuma "sambamba na bomba", gurudumu halina usambamba. Kwa hiyo hujashuka kishimoni. Umekaa mezani ukaandika unavyodhani koki inakaa. Miezi miwili nimekuwa nikitibu mgonjwa kwa maneno ya mtu asiyemgusa mgonjwa! Unafanya hivi ili nionekane mimi sijui, na ili Mama aone ninamtoa kwake kwa nguvu. Mimi nimejifunza kazi hii kwa kuungua, sitadanganywa na karani.

Lile la mshale ni hoja nzuri. Umesema kweli, si pampu. Lakini umeiharibu kwa uongo wako wa mpini.

Mwisho wa Mei ni mwisho wa Mei. Dereva ameshaambiwa.

Swali lako la Baba si la barua hizi.

Kaka yako.


Alhamisi, tarehe 8 Mei
Asubuhi: mawingu, baridi kidogo, ardhi mbichi kwa mvua ya jana.

Kaka,

Barua yako nilipoimaliza niliiweka chini ya sahani nikatoka nje, kwa sababu Mama alikuwa sebuleni na mambo yaliyokuwa kinywani mwangu hayakuwa ya kusikiwa na mama mzazi. Mwongo. Hilo ndilo umeniita, ukalizungusha kama gurudumu lako ili lionekane dogo.

Nikamwita Bwana Kesho. Ndiyo, yule yule uliyemkataza. Cha kushangaza alikuja siku hiyo hiyo. Nadhani sauti yangu haikumwachia kesho. Nikamwambia, "Shuka kishimoni, kisha uniambie kama koki ina mpini au ina gurudumu, maana mimi ni mwongo."

Akainama, akatazama, akabaki ameinama.

"Fundi, una nini?"

"Ina mpini, dada."

"Haya. Sema kwa nguvu, asikie huko aliko."

"Ina mpini. Dada, hii niliifunga mimi."

Nikamuuliza nani alimtuma kugusa kazi ya kaka yangu. Alivua kofia. Mtu wa mizaha yule, na mara hii hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Mzee mwenyewe. Marehemu. Kiangazi kile. Alikuja dukani akaomba koki ya nusu. Nikamwambia, Mzee, bomba lako ni la inchi, koki ya nusu itakubania. Akanijibu, kijana wangu amepiga simu, amesema funga koki nusu, na kijana wangu anaendesha boila, wewe unaendesha nini? Nikafunga. Ningebishana na nani?"

Umeelewa, Kaka? Mimi nilielewa nikiwa nimesimama pale pale, miguu ikiwa kwenye tope. Siku ile ya simu, kiangazi kile, nilikuwa karibu na Baba, nachambua maharage. Nilimsikia akirudia neno kwa neno, kama alivyokuwa akirudia kila unalomwambia, ili asikosee: "Funga koki nusu. Sawa. Funga koki nusu. Nimekuelewa, fundi wangu." Kisima kilikuwa kimeshuka. Wewe ulitaka azungushe gurudumu, aifunge nusu, maji yapite kidogo mpaka mvua zije. Si ndivyo? Yeye akasikia afunge koki ya nusu. Akatoa ile nzima iliyotosha, akaweka nusu inchi kwenye bomba la inchi moja, na alishika tochi mwenyewe Bwana Kesho akifanya kazi, akijipaka tope mpaka kwenye nyusi, akifurahi kwamba ametii sawasawa.

Ungemwambia zungusha. Ungemwambia punguza. Neno moja tu, Kaka! Lakini wewe kwenye simu huna neno la ziada kwa mtu, unatupa amri na kukata. Na mimi nami ningemuuliza Baba, nusu ya nini? Sikuuliza, nilikuwa na maharage.

Miezi mitatu unaniuliza iko wazi, nakujibu iko wazi. Ilikuwa wazi! Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na maji hayaji.

Bwana Kesho aliikata. Nimeishika mkononi. Ndani imejaa kutu na chembe za mchanga, tundu lililobaki halipitishi hata penseli. Tulipouliza wapi tutapata ya inchi jioni ile, Mama akapiga kelele kutoka dirishani: "Angalieni rafu ya juu kibandani, baba yenu alikuwa hatupi kitu." Ilikuwepo. Koki yako ya shaba, gurudumu lake jekundu, imefungwa kwenye kitambaa cha shati lake la zamani, imepakwa mafuta. Aliitunza akidhani siku moja utamwambia airudishe. Kwa sasa Bwana Kesho ameunga bomba kwa kipande chembamba cha mpira; hii ya shaba inangoja maelekezo yako.

Sasa nakumbuka jambo jingine. Ile jioni aliyokaa kibandani chakula kikapoa, nilimfuata nikamuuliza ana nini. Alisema, "Naambiwa nimeharibu." Hakusema nani. Alisema hivyo tu, akanyanyuka. Nilidhani anasema kuhusu maisha yake. Wazee husema hivyo.

Kwa hiyo lile swali silirudii tena. Usilijibu.

Mdogo wako, karani, mwongo wa mpini.


Jumatano, tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Nilimaanisha aizungushe.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara inaishia hapo. Mwenzangu wa zamu ameniambia nikapumzike, kwamba naangalia geji bila kuisoma.

Wewe si mwongo. Niliandika hivyo nikiwa na uhakika, na uhakika wangu ulikuwa wa koki isiyokuwepo.

Ile ya shaba, kaza nati zake kwa spana mbili, moja ishike bomba, moja izungushe, la sivyo bomba litajisokota ukutani. Funga tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba, yale meno ya kukazia, kabla. Namaanisha uizungushie tepu. Zungusha kufuata mwendo wa saa, mizunguko mitano. Siku hizi naeleza kila kitu mara mbili, hata mezani. Wifi yako anauliza kama naumwa.

Lori litakuja mwisho wa Mei kama nilivyosema. Halitabeba kitanda. Nitakuwa ndani yake mimi. Kama hamtaki nishuke, niambie kwa dereva, nitapita moja kwa moja, sitalalamika.

Msalimie Mama. Usimsomee hii.

Kaka yako.


Jumanne, tarehe 27 Mei
Asubuhi: anga safi, umande, ndege wengi kwenye paa la kibanda.

Kaka,

Nimemsomea. Sikuzoea kumficha Mama barua, na wewe si wa kunianzishia tabia hiyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba yenu alikuwa na masikio mabovu na hakutaka ijulikane. Angeambiwa zungusha, angesikia zungumza, angekwenda kuzungumza na bomba." Akacheka. Kisha akalia. Kisha akaomba chai. Mimi sikucheka, bado nina hasira na wewe, na usidhani mstari mmoja wa "wewe si mwongo" umezifuta. Uliniita hivyo kwa wino. Ulimwambia Baba ameharibu, na kilichokuwa kimeharibika ni neno lako mwenyewe. Ulitaka kumhamisha Mama kama unavyohamisha pipa. Hayo matatu nitakuambia usoni, polepole, bila wewe kunikatiza, na utakaa kwenye kile kiti kibovu cha sebuleni mpaka nimalize.

Koki ya shaba iko mahali pake. Tepu mizunguko mitano, spana mbili. Tuliifunga jana mchana, na usiulize kufunga kupi. Nikawasha pampu, nikaenda bafuni, nikafungua.

Kaka, yalinipiga kifuani. Nililowa nguo zote. Bwana Kesho aliyekuwa mlangoni alikimbia kama ameona nyoka.

Jioni Mama aliingia na kigoda chake, na fimbo, na sabuni. Nikataka kusimama karibu asiteleze. Akaniambia, "Wewe nenda kafanye shughuli zako," akafunga mlango. Nilikaa chini ukutani upande wa nje nikasikiliza maji. Alikaa humo muda mrefu sana, sikuhesabu. Katikati aliita kwa sauti, "Nani kafungulia mvua humu ndani?" na hakungoja jibu. Alitoka amevaa, amejifuta, amechana nywele, akapita mbele yangu bila kuomba mkono.

Basi Mama haondoki. Hilo limekwisha, usilirudishe hata kwa utani. Mwambie dereva lori lije na nafasi ya mtu mmoja tu. Ushuke. Ukija njoo mgeni, usije mchukuzi, na siku ya kwanza usiguse kitu chochote kibandani. Ile koki ndogo nimeiosha, iko dirishani pale Baba alipokuwa akikaa. Utaichukua mwenyewe au utaiacha, sitakuelekeza.

Mama ananisimamia tena mlangoni, anatazama kalamu. Leo hakunilazimisha. Shikamoo, Kaka. Ni ya nusu. Nusu nyingine utaipata ukishamaliza kunisikiliza.

Mdogo wako.

Nyongeza, Jumatano asubuhi, mawingu mepesi: dereva hakupita jana, kwa hiyo barua ililala mezani. Hakukuwa na pipa la kukinga. Nililala saa tatu.